Kutoka Chake mpaka Makka ni Sentimita Tatu

Hotuba hii niliitoa Chake Chake, Pemba, mbele ya wazazi, watu wanaojitayarisha kwenda Hija na wanafunzi wa sekondari. Nimeiandika kama nilivyoisema, nikipunguza marudio tu.

Bismillahi Rahmani Rahim. Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, kina mama, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliojaa huko nyuma mpaka mlangoni, nashukuru kwa kunialika. Nimeombwa niseme juu ya safari za ndege, kwa sababu humu ukumbini wamo wanaokwenda Hija, wamo wazazi wenye watoto Maskati, London na Toronto, na wamo vijana ambao Inshaallah karibuni watatoka kwenda kusoma. Mimi si rubani. Nimefundisha hisabati katika skuli za hapa Pemba maisha yangu yote ya kazi, na nitasema kama mwalimu wa hisabati. Ndiyo maana nimekuja na balungi.

Balungi hili nimelinunua jana sokoni Wete. Muuzaji alinishangaa, kwa kuwa niliyageuza mabalungi yake moja baada ya jengine, nikiyazungushia futikamba ya fundi charahani. Nilikuwa natafuta lenye mzunguko wa sentimita 40 kamili. Nililipata la saba. Dunia yetu ina mzunguko wa karibu kilomita 40,000, kwa hivyo kila sentimita moja juu ya ganda hili ni kilomita 1,000. Na namba hiyo haikuwa nzuri hivyo kwa bahati. Mwishoni mwa miaka ya 1700 Wafaransa walitaka kipimo kipya cha urefu, wakaamua mita iwe sehemu moja kati ya milioni 10 ya masafa kutoka ncha ya kaskazini mpaka ikweta. Rula zilizomo mikobani mwenu, vijana, zimetokana na mwili wa dunia yenyewe.

Sasa tazameni. Nimechora ikweta kwa kalamu. Chini yake kidogo nimetia nukta: hapo ndipo tulipo, Chake Chake, nyuzi 5 na dakika 15 kusini ya ikweta, na dakika hapa ni sehemu ya uzi, si ya saa. Juu ya ikweta nimetia nukta nyengine: Makka, nyuzi 21 na dakika 25 kaskazini. Nukta hizi mbili ziko juu ya mstari mmoja unaokwenda kaskazini na kusini. Longitudo ya kiwanja chetu cha ndege na longitudo ya Al-Kaaba hazipishani hata dakika moja nzima. Wazee wetu walikuwa wakisema "kibla" wakikusudia kaskazini, na kwa mtu wa Pemba maneno yale mawili kweli ni kitu kimoja. Ukisali Chake ukaelekea kaskazini sawasawa, umeelekea Makka.

Miji miwili ikiwa juu ya mstari mmoja namna hiyo, masafa yake hayahitaji kompyuta. Jumlisha 5 na dakika 15 na 21 na dakika 25. Umepata nyuzi 26 na dakika 40. Kila uzi mmoja una dakika 60, basi 26 mara 60 ni 1,560, ongeza 40, ni dakika 1,600. Na dakika moja ya duara la dunia ndiyo maili moja ya bahari, ile ile wanayoitumia manahodha na marubani, mita 1,852. Kutoka hapa tulipokaa mpaka Al-Kaaba ni maili 1,600 za bahari. Kilomita 2,960 hivi. Juu ya balungi ni sentimita 3 kasoro kidogo. Namuomba kijana mmoja aje apime kwa uzi... Haya, umeona mwenyewe. Ahsante, kaa.

Nimefundisha hesabu hii kwa miaka mingi na kila mara inanisisimua. Watu hufikiri masafa ya dunia ni siri iliyofungiwa kwenye simu au kwenye ofisi ya wakala wa tiketi. Si siri. Baharia wa zamani aliyekuwa akitoka pwani hii kwenda Manga, Uarabuni, alikuwa na kibao kidogo chenye uzi wa mafundo. Akishika fundo kwa meno, akinyoosha kibao mbele ya jicho, aliweza kupima nyota ya kaskazini imepanda kiasi gani juu ya upeo wa bahari. Hapa kwetu nyota ile haionekani, iko chini ya upeo. Ukivuka ikweta inaanza kuchomoza, na kila maili 60 unazokwenda kaskazini inapanda uzi mmoja. Yule mzee alikuwa akifanya hesabu hii hii niliyoifanya, ila yeye aliifanya usiku, sitaha inayumba.

Sasa tuje kwenye saa, maana anayesafiri haulizi maili.

Ndege kubwa ya jeti ikishatulia juu, kwenye mita 10,000 hadi 12,000, inakwenda kilomita 850 mpaka 900 kwa saa. Chukueni 850. Gawanya masafa kwa 850, kisha ongeza nusu saa ya kutambaa kwenye njia, kupanda na kushuka. Basi. Kutoka Kisauni, kiwanja cha Abeid Amani Karume cha Unguja, mpaka Jedda ni kama kilomita 3,100. Gawanya, ongeza nusu saa, unapata saa 4 na dakika 10 hivi kama ndege inakwenda moja kwa moja. Kutoka Kisauni mpaka Maskati ni kilomita 3,900: saa 5 na kidogo. Mpaka London ni kilomita 7,440: saa 9 na kitu. Kutoka kiwanja chetu hapa mpaka Kisauni ni kilomita 125, na hapo kanuni yangu haifai, kwa kuwa zile ndege ndogo za propela zinakwenda kama kilomita 300 tu kwa saa. Ni kama nusu saa, mnajua wenyewe.

Na mbali kabisa? Safari ndefu kuliko zote za abiria zinazokwenda bila kutua njiani ni ya baina ya Singapore na New York. Huko nako kuna jambo zuri. Mji mmoja uko karibu upande wa pili wa dunia kwa mwengine, kwa hivyo mstari mfupi kuliko yote baina yao unapita karibu na ncha ya kaskazini. Kwenye ramani ya ukutani huwezi kuuona. Ukiweka rula juu ya karatasi utavuka Afrika au Pasifiki, utapata masafa ya uongo, kwa sababu karatasi ni bapa na dunia ni balungi. Vuta uzi ukaze, uuache utafute njia yake wenyewe juu ya ganda. Unaona unapanda juu, unapita karibu na kikonyo, unateremka upande wa pili. Kiwanja cha Kennedy cha New York kiko nyuzi 40 na dakika 38 kaskazini, basi kutoka hapo mpaka nchani ni nyuzi 49 na dakika 22. Changi ya Singapore iko uzi 1 na dakika 22 kaskazini, basi kutoka nchani mpaka hapo ni nyuzi 88 na dakika 38. Jumlisha: nyuzi 138 kamili. Mara 60, ni maili 8,280. Kilomita 15,300 na ushei. Gawanya kwa 850, ongeza nusu saa: saa 18 na nusu. Ratiba za safari hiyo huandikwa saa 18 na nusu mpaka karibu 19. Hesabu ya ubao wa skuli imefika.

Lakini mara nyingi rubani anayetoka Singapore kwenda New York hapiti nchani. Anapita Pasifiki, njia ndefu zaidi, na anafika mapema. Vipi?

Swali hili mjukuu wa nahodha hapaswi kushindwa nalo. Hapa kwetu hakuna mzee aliyeuliza Maskati ni mbali kiasi gani bila kuuliza kwanza ni mwezi gani. Majahazi yalikuja kwa kaskazi, Disemba mpaka Machi, yakarudi kwa kusi. Bahari ni ile ile, maili ni zile zile, lakini aliyetoka na msimu alifika na aliyetoka kinyume chake alipigwa akarudi au akazama. Huko juu zinakopita ndege nako kuna upepo wake, mto mwembamba wa hewa unaotoka magharibi kwenda mashariki, na mara nyengine mwendo wake unapita kilomita 200 kwa saa. Unatokana na tofauti ya joto baina ya nchi za ikweta na nchi za barafu, na kupinda kwake kunatokana na dunia kujizungusha. Aliyeupata nyuma yake anasukumwa. Anayekwenda kinyume anapigana nao.

Baina ya London na New York ni kilomita 5,540. Kwenda New York ni kama saa 8, kurudi London ni saa 7 au pungufu. Februari 2020, wakati wa dhoruba, ndege moja ya Boeing 747 ilitoka New York ikatua London kwa saa 4 na dakika 56. Ukiipima kwa ardhi, ilifikia zaidi ya kilomita 1,300 kwa saa. Injini hazikuzidishwa nguvu. Ni sawa na ngalawa iliyoingia kwenye mkondo: mvuvi anapiga kasia vile vile, lakini pwani inampita mbio.

Kuna na sababu ya watu. Tangu 2022 mashirika mengi ya Ulaya hayapiti kwenye anga ya Urusi, na safari ya Helsinki mpaka Tokyo, iliyokuwa ikichukua kama saa 9 na nusu, ikafika saa 13. Tokyo haikusogea hata shubiri. Nayataja haya ili mtu akikwambia "kutoka hapa mpaka pale ni masaa kadhaa", umuulize: kwenda au kurudi? Kwa njia gani? Moja kwa moja au kwa kushuka?

Sasa niingie kwenye jambo lililonileta hasa.

Mama yangu mzazi yuko hai, Alhamdulillah, na ndiye yule aliyekaa mstari wa mbele mwenye kanga ya kijani. Amenipa ruhusa niseme. Ana maradhi ya sukari, anadunga insulini asubuhi na jioni. Miaka michache nyuma alikwenda Maskati kumtazama dada yake, mama yangu mkubwa. Aliyemkatia tiketi alimwambia, "Ni masaa matano na nusu tu, bibi." Mama akapanga safari ya saa tano na nusu. Chupa mbili za dawa akazitia ndani ya chupa ya chai pamoja na barafu, akachukua mkate wa kumimina vipande vitatu, akatuaga.

Mimi nilikuwapo. Mwalimu wa hisabati, mwanawe, nikamuaga bila kumuuliza.

Alitoka nyumbani Wete saa 11 alfajiri. Gari mpaka bandari ya Mkoani. Boti iling'oa nanga saa 2 asubuhi, na kusi ilikuwa imechachamaa, ikafika Malindi, bandarini Unguja, saa 6 adhuhuri. Akakaa kwa jamaa mpaka jioni. Kiwanjani mkaguzi akafungua ile chupa ya chai, barafu ilikwishayeyuka, akamwambia amwage maji. Akamwaga. Ndege iliondoka saa 3 usiku, ikatua kiwanja cha njiani saa 5 na nusu. Hapo alisubiri mpaka saa 3 asubuhi. Saa 9 na nusu juu ya kiti cha chuma. Kisha saa 4 nyengine angani, akashuka Maskati, foleni ya pasipoti, gari, mpaka mlango wa dada yake. Nimeijumlisha baadae, mara nyingi. Kutoka mlango mpaka mlango ni saa 34. Angani alikuwa saa 6 na nusu tu.

Kwenye kiwanja kile cha njiani hakujua adunge sindano ya saa ngapi. Kule ndani hakuna adhana, hakuna jua, taa ni moja usiku kucha. Kwenye kioo kimeandikwa 03:40 na yeye anajua saa 3 na dakika 40 ni asubuhi baada ya chai. Mkate ulikuwa umekwisha. Mwenye sukari kudunga bila kula ni hatari, na kukaa bila kudunga nako ni hatari. Chupa za dawa ambazo hazijafunguliwa hutakiwa kukaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, na zake zilikuwa ndani ya chupa kavu. Alifika amelegea, hasemi vizuri. Mama mkubwa alimpeleka hospitali usiku ule ule. Mwenyezi Mungu alimjaalia akapona.

Yule aliyesema masaa matano na nusu hakudanganya. Kama ndege ingekwenda moja kwa moja, ndio muda wenyewe. Alijibu juu ya ndege, na mama aliuliza juu ya safari.

Kwa hivyo nawaomba, kila anayesafiri aandike karatasi moja, kwa mkono, kwa herufi kubwa. Aandike saa ya kutoka nyumbani, si ya kuruka ndege. Mtu wa Pemba aanze na Mkoani au na ile ndege ndogo, na aweke nafasi ya usiku mzima Unguja kama bahari ni chafu. Aandike kila kituo na saa za kusubiri. Aandike saa zote kwa saa zetu za hapa mpaka atakapofika, na pembeni saa za huko. Mwenye dawa aandike dawa kwenye mistari hiyo hiyo, baada ya kumuuliza daktari wake, na achukue inayozidi siku zake. Barua ya daktari iwe mkononi, ili mkaguzi aisome kabla hajafungua mfuko. Insulini isitiwe kwenye mzigo unaokwenda chini ya ndege, kwa sababu huko inaweza kuganda, na iliyoganda imeharibika.

Juu ya saa zenyewe, nisikilizeni vizuri hapa. Saa zilizoandikwa kwenye tiketi ni za kila mji. Jedda, Doha, Nairobi na Istanbul saa zao ni sawa na zetu. Maskati na Dubai wako mbele kwa saa moja. Tiketi ikisema unatoka Unguja 16:00 na kufika Maskati 22:15, usihesabu saa 6 na robo, umekaa ndani ya ndege saa 5 na robo. Na tiketi haijui saa za Kiswahili. Saa 16:00 ni saa 10 alasiri. Anayepitia Addis Ababa atakuta Wahabeshi mitaani wanahesabu kama sisi, asubuhi saa 3 kwao ni saa 3, lakini tiketi yao inafuata ya dunia kama tiketi nyengine zote.

Mtego mkubwa ni usiku. Tiketi imeandikwa Ijumaa, 01:30. Vijana wengi wa leo watakwenda kiwanjani Ijumaa usiku, wakute ndege imeondoka tangu usiku uliopita. Sasa muulizeni bibi yeyote wa humu ndani, usiku wa Ijumaa ni upi? Atakwambia ni ule wa Alkhamisi kuamkia Ijumaa, kwa kuwa kwetu siku inaanza jua likizama. Na huo ndio usiku wa ndege. Bibi ambaye hajawahi kushika tiketi yuko sahihi zaidi ya mjukuu mwenye simu mbili. Mkiwa na shaka, isomeni tarehe ya tiketi mbele yake.

Mama anakwenda tena Maskati mwezi ujao. Safari hii karatasi tumeiandika pamoja, imebandikwa kwenye mlango wa friji, na kila jioni anaisoma kwa sauti, ananisahihisha. Ameongeza mstari ambao mimi sikuufikiria: saa ya kula, kabla ya kila saa ya sindano.

Nimewachosha. Lakini hatuondoki bado. Balungi liko mezani, uzi upo, rula ipo. Nataka kila mwenye mtu wake ng'ambo aje apime masafa ya kwake mwenyewe kabla ya alasiri. Wewe binti uliyekaa karibu na dirisha, ulisema kaka yako yuko Toronto. Njoo uanze. Tafuta Chake kwanza.